Anayenifunga Bendeji

Gatina, Kawangware
Februari 12, 2008

Mwaitu, mama yangu,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu ng'ombe, halafu huyo jogoo wako mkorofi. Goti lako linaendeleaje na baridi ya asubuhi? Sisi huku tuko salama. Mkweo Nyongesa anakusalimu, bado anatengeneza vitanda pale mtaa wa Satellite, siku ambazo barabara inapitika. Barua hii nampa Mutinda akuletee mkononi, kwa sababu haya si maneno ya kusemea kwenye simu ya Ndanu huku majirani wametega masikio.

Uliuliza kuhusu miguu. Mama, miguu hii sasa ni aibu tupu. Tangu mimba ifike mwezi wa saba, mishipa imetokeza kutoka kifundoni mpaka nyuma ya goti, kijani na zambarau, imejipindapinda kama mizizi. Jioni inawaka moto na kuwasha hadi nataka kulia. Nesi wa kliniki alinieleza kwamba uzito wa mtoto unaizuia damu kurudi juu, na kwamba kwa wengi huisha wakishajifungua. Amenikataza kusimama muda mrefu, na unajua kazi yangu ni kusuka watu nywele. Basi siku hizi wateja wanakaa chini kwenye mkeka, nami niko juu ya stuli, mguu mmoja nimeupandisha kwenye ndoo kama bibi wa chifu. Yale maji moto uliyoniagiza nijikande, nesi ameyakataa kabisa. Usininunie.

Kinachonisaidia ni bendeji. Lazima ifungwe asubuhi kabla sijakanyaga sakafu, kuanzia vidoleni kupanda juu, isibane sana wala isilegee. Kwa tumbo hili siwezi kuinama. Nyongesa alijaribu, akanifunga kama anafunga godoro kwenye mkokoteni, vidole vikafa ganzi. Sasa nafungwa na mtu mwingine, na huyo ndiye nimekuwa nikikuficha.

Ulisema kama siwezi kuja kujifungulia nyumbani, utakuja wewe wiki ijayo. Nikakwambia usije, chumba ni kidogo. Chumba ni kidogo kweli, lakini sababu si hiyo.

Mwezi jana, nyumba za kule Kianda, Kibera, zilipochomwa kwenye fujo za uchaguzi, mwanamke mmoja alitembea kutoka huko hadi mlangoni kwangu na sufuria moja. Ni Wangoi. Ndiyo, huyo huyo, mke mdogo wa marehemu baba, uliyemfukuza matangani. Sikuwa nimemwona tangu siku ile. Aliniambia hakuja kunisumbua, anaomba maji ya kunywa tu kisha aende zake. Nikamtazama miguu, imevimba kuliko yangu. Nikamwambia akae.

Kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga karibu wote ni watu wa Magharibi, na siku hizo vijana walikuwa wanapita mlango kwa mlango wakiuliza nani analala wapi na ni kabila gani, na Mkikuyu kama Wangoi hangepona. Jirani yangu Kavetsa aliniuliza pale mferejini huyu mama ni nani. Nilimjibu bila kufikiri kwamba ni mamangu, ametoka Machakos kunisaidia. Kikamba anakiongea vizuri. Alifunzwa na baba. Tangu hapo ploti nzima inamwita Mama Nzilani, na hakuna aliyemgusa.

Nimekuvua jina lako nikampa yeye, mama, na sikukuuliza. Najua ulivyolia kwa sababu yake miaka ile, nilikuwa nalala na wewe kitanda kimoja. Sijasahau, na sikuombi usahau. Lakini kila asubuhi anapiga magoti hapo chini ananifunga mguu polepole, na aliposikia unataka kuja alianza kukunja nguo zake. Nimemzuia mpaka nipate jibu lako.

Njoo, mama. Naogopa kuzaa bila wewe. Ila ukifika langoni na Kavetsa akakuuliza wewe ni nani, nakuomba useme wewe ni dadake Mama Nzilani.

Wape salamu wote wa kanisani na wa pale kisimani. Mutinda atakuwa huko hadi Jumapili. Hata jibu la mdomo litatosha.

Ni mimi mwanao, mzito wa miguu na wa moyo,
Nzilani