Baba, Kesho Tunashusha Mabati

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila salamu hata huko uliko utaninunia.

Mama yupo. Miguu inamsumbua kama kawaida, mdomo ndio mzima. Kaburi lako tulilipalilia juzi. Ningependa habari ziishie hapo.

Lakini ghala limefungwa, Baba. Lile lile ulimokuwa nyapara wa wapagazi, na mimi nikichambua mbaazi kule nyuma na akina mama wenzangu. Msimu ulipofika tulienda getini asubuhi kama kila mwaka, mabeseni kichwani, vitambaa vya kujifunga pua mkononi. Mlinzi akachungulia akasema, "Rudini nyumbani, mama zangu. India hawanunui." Basi, ikawa hivyo. Nchi ambayo hatujawahi kuiona imesema mbaazi zake zinaitosha, na huku Babati mtu anakosa unga. Hapa Singe wengine waliziacha mbaazi shambani, ng'ombe wakaingia. Nilicheka siku ile, maana ng'ombe walinenepa kuliko wenye shamba. Siku hizi sicheki.

Nilikwenda mjini ofisini kuuliza, kwa sababu redio ilisema mtu akipoteza kazi bila kosa lake kuna fao. Dada wa dirishani alinipokea vizuri, siwezi kumsema. Akauliza barua ya kuachishwa kazi iko wapi. Barua gani, Baba? Hakuna aliyetuachisha. Geti halikufunguliwa tu. Akauliza michango yangu. Nikamwambia sisi ni vibarua, jioni unalipwa mkononi, ya kesho anajua Mungu. Akanitazama kwa huruma. Huruma haisongi ugali, nikarudi nayo hivyo hivyo nyumbani.

Halafu wakatuletea semina. Akina mama wa ghala tuliitwa ukumbini tukafundishwa kupika mbaazi, eti soko la kwanza ni tumbo letu. Sisi, tuliozichambua mpaka kucha zikaisha! Mwalimu alikuwa mtu wa pwani, akasema tuunge kwa nazi. Mama Paulo akauliza kutoka nyuma, "Mwalimu, na hiyo nazi huku kwetu tunaichuma mti gani?" Tulicheka mpaka machozi. Tukapewa soda, tukatawanyika.

Tumaini likabaki kwenye msaada wa kaya maskini. Vijana wawili wa kuandikisha walikuja, wakakaribishwa viti, na mmoja kabla hajakaa akatazama juu. "Mama, wewe una nyumba ya bati. Kuna watu wanalala chini ya nyasi." Mama angewaambia nini? Kwamba hayo mabati ni mgongo wako, gunia kwa gunia? Waliaga kwa adabu, wakapita.

Na si sisi peke yetu. Unakumbuka ulivyokuwa ukiwasema wapagazi wako kila lori likiisha: "Hela ya lori msiinywe. Ezekeni!" Walikusikia, Baba. Njia nzima hii ni bati, na njia nzima hii imerukwa. Walioandikwa ni wale waliokuwa wakikucheka kilabuni. Siwaonei wivu, nao wana njaa. Ila nakuuliza wewe, kwa sababu sina mwingine wa kumuuliza: tulikosea kukusikiliza?

Mzee Safari, yule mwenzako wa kupokezana magunia, aliona ajiongeze. Akauza mabati yake, akaezeka nyasi, akakaa mlangoni kuwasubiri wale vijana. Alipowafuata wakamwambia uandikishaji umeshafungwa, asubiri awamu nyingine, na lini hawajui. Alikuja hapa akakaa kwenye kiti chako, akaniambia, "Mama Neema, sasa maskini nimekuwa kweli, na wa kuniona hakuna." Nilimpa uji.

Kwa hiyo Mama anajua fika kwamba kushusha mabati hakutatuandikisha popote. Yeye haongei habari za kuandikwa. Mahindi yameisha, Baba. Kuna mtu wa Nangara anajenga na ameyapenda mabati yetu kwa sababu ni mazito. Kesho anakuja na gari.

Nilikataa. Nilimwambia Mama nitatafuta kibarua, nifue, nipalilie, chochote. Kila mlango niliopiga hodi nimemkuta mwenzangu wa ghalani ameshatangulia. Nimezunguka mpaka nimechoka. Nimeshindwa, Baba. Naliandika hilo neno, ingawa wewe hukutulea kulisema.

Mvua ya kwanza baada ya kuezeka, ulitukataza kuongea ili tuisikilize. Ikapiga kwa nguvu. Ulikuwa unacheka na sisi tunaona meno tu, sauti yako haifiki. Mama akakuletea chai ukaisahau ikapoa. Sijawahi kukuona na furaha kama ile, hata siku ya harusi yangu. Na masika hayo yanakuja.

Usimlaumu Mama. Jana nilimkuta amesimama katikati ya sebule anayatazama mabati, nikarudi nje polepole asijue nimemwona.

Mnunuzi nimeshamwambia kwamba mabati ya juu ya kitanda cha Mama hayauzwi. Alinuna, akataka kuondoka, mwisho akakubali. Upande wa pili, wangu na mwanangu Neema, tutafunika turubai, tutajibana.

Lala pema, Baba. Wapagazi wako wanakusalimu, wale waliobaki mjini. Nyumba uliyotuachia siwezi tena kukuahidi kuilinda. Ninachokuahidi ni kimoja: Mama hatalowa.

Binti yako,
Teresia