Mtumbwi Wangu Unaoitwa Radi

Jumatano, saa tisa mchana. Mvua imeanza asubuhi na haitaki kuacha. Ziwa liko jeusi kama sufuria, milima ya Kongo siioni kabisa. Naandika haraka, ndiyo maana herufi hizi zimelala upande.

Niko naandika kwa kalamu, kwenye kaye, daftari la shule. Kwenye mashini nitaipiga siku nyingine, na sababu utaiona mbele.

Ninyi mnaosoma visa ninavyotuma kwa mashini mnanijua. Mimi ndiye Saidi wa Rumonge, yule aliyeacha shule mwaka wa tano kwa sababu mwalimu alikuwa ameishiwa ya kumfundisha. Ndiye yule aliyeitupa telefone yake ziwani mbele ya askari wa bariyeri wanaofunga njia, akawaambia wapige mbizi waifuate.

Leo nimeogopa mpaka uongo umenikaukia mdomoni. Telefone sijawahi kuwa nayo. Jirani yetu ndiye alikuwa nayo. Kwenye bariyeri ya njia ya Kizuka wakaikuta mfukoni mwake, wakamuuliza anampigia nani huko milimani kwa waasi. Alikuwa anampigia mama mkwe wake. Hakurudi. Tangu siku hiyo nilisema mimi telefone hapana, nikabuni ile ya kuitupa ili nisionekane mwoga.

Badala yake nilifungua sanduku la barua kwenye mashini ya siber, ile nyumba ya intaneti iliyo nyuma ya duka la vitambaa. Ndugu zetu wengi wako kambini Tanzania. Wanaandika kwangu, mimi nasoma, halafu napita mlango kwa mlango kueleza nani kajifungua, nani anaumwa. Nyumba saba za mtaa, yangu ikiwemo, zinapata habari zao kupitia sanduku langu. Wakaniita Waziri wa Posta, nami nikawa naitika.

Asubuhi nimekaa, nimeandika neno langu la siri, mashini imekataa. Nimeandika polepole, herufi moja moja. Imekataa. Esperanse, mama wa Uvira anayetunza siber na kuniita Tonto, yaani mjomba, akaanza kunicheka.

"Tonto, leo umesahau? Wewe unayekumbuka mpaka meno ya kiboko?"

"Mimi sisahau. Mashini yako ndiyo imelewa."

"Haya, jibu swali la siri ikufungulie, usinipigie kelele."

Swali nililichagua mwenyewe siku ya kwanza: mtumbwi wako wa kwanza uliitwaje? Nikaandika: Radi. Sanduku likafunguka.

Ndani kulikuwa na barua ya dada yangu Zaituni. Imeshafunguliwa.

Barua ambayo haijasomwa, mashini huiandika kwa wino mzito. Hii ilikuwa na wino mwembamba. Ilifika jana, na jana mimi sikukanyaga siber.

Zaituni anasema wamechoka na kambi, anarudi na watoto wake watatu. Ijumaa alfajiri, kwa mtumbwi, watashukia kwenye vichanja vya kuanikia ndagala, dagaa wetu, kusini mwa mji. Kesho Alhamisi atapita siber ya kule mara ya mwisho kuangalia kama nimejibu. Basi sasa kuna mtu mwingine anayejua siku, saa na pwani. Na hivi karibuni kuna mtumbwi ulipokelewa na wenye bunduki. Wa upande gani, sitasema. Ukiwa ndani ya mtumbwi hakuna tofauti.

Nikamuuliza Esperanse mtu anaingiaje bila neno la siri. Hakucheka tena.

"Kama ulivyoingia wewe sasa hivi, Tonto. Anajibu swali, kisha anaweka neno jipya, la kwako linakufa. Nani anajua jina la mtumbwi wako?"

Nani hajui!

Miaka ishirini niko naisimulia hadithi yake. Mimi na mtumbwi wangu Radi, kiboko mkubwa kama ofisi ya serikali ya komini, nikamshika masikio, nikamweka mdogo wangu Zaituni mgongoni mwangu, nikaogelea naye mpaka Nyanza-Lac. Nimeisimulia kwenye kahawa, kwenye harusi, kwenye matanga, mpaka Gitaza kwa wanawake wanaoanika ndagala. Pale pa jina la mtumbwi mimi hunyamaza kidogo, nao wote wanaitikia kwa sauti: "Radi!" Nilikuwa naona raha.

Kila aliyewahi kunywa kahawa na mimi ana ufunguo wa sanduku langu.

Nimekaa pale nikapitisha sura zao kichwani, moja moja, rafiki zangu wote. Hakuna hata mmoja niliyeweza kusema huyu hapana. Hilo limenitisha kuliko bunduki.

Kumjibu kwenye sanduku lilelile, yule mtu atasoma. Esperanse akanifungulia jipya. Lakini barua yenye anwani ngeni Zaituni ataiamini vipi? Mwenye telefone angepiga tu, sauti yake ingetosha. Mimi huko sina sauti.

Ikabidi nimwandikie kitu ambacho tunakijua sisi wawili tu. Na kitu hicho ni kimoja: ukweli.

Esperanse akageukia ukutani nami nikaandika. Kwamba mtumbwi ulikuwa wa baba, haukuwa na jina. Kwamba kiboko hakuwepo. Nilisimama ndani ya mtumbwi nikijionyesha kwa wasichana wasiotujua waliokuwa wanafua, ukapinduka. Kuogelea sijui, mpaka leo. Zaituni alikuwa na miaka kumi. Alinivuta kwa kola ya shati mpaka nchi kavu, mimi nalia, yeye anasema, "Nyamaza, kaka, wasichana wanakusikia." Aliniahidi hatasema, na miaka yote hii ananisikia nikimbeba mgongoni mbele za watu, anatazama chini.

Mwisho nikaandika: usishukie uliposema. Shukia pale uliponitoa majini.

Pwani nzima inajua kuwa tulitokea Nyanza-Lac. Pa kweli panajulikana na watu wawili.

Nimeweka swali jipya la siri. Jibu lake ni jambo la kweli, na sijawahi kulisimulia popote.

Bado naogopa. Je, kama kesho kule hakuna umeme? Je, kama mvua itamzuia njiani, apande mtumbwi bila kusoma? Na zile nyumba sita nyingine, barua zao pia zimesomwa. Nimepita kwa tatu, nimewaambia mashini imeharibika. Hata leo! Mama Hadija, wa nyumba mojawapo, ameniombea dua, akanipa na mawese kwa kazi yangu nzuri. Nimeyapokea. Kesho asubuhi nitarudi nimwambie kweli, na wengine wote, hata wakinivua uwaziri.

Kaye hii naificha ndani ya gunia la unga. Haitaenda siber mpaka Zaituni na watoto wamekula nyumbani kwangu, nimewahesabu kwa kidole. Kwa hiyo ukiyasoma haya, ujue ameketi nyuma yangu, anaangalia kama ile kola nimeiandika au nimeiruka.

Leo bado ni Jumatano.