Mbuzi wa Saba

Jumatatu, 2 Juni
Miezi saba na siku nne tangu nitoke Nyabiondo. Leo nimebeba mbao tisa kutoka porini hadi barabarani, hapa Kashebere. Bega la kulia limevimba, nabebea la kushoto. Mbuzi wa mahari wametimia sita, kama tulivyopatana. Papa Zawadi, baba wa mchumba wangu, anataka kuwaona kwa picha kabla ya kupanga siku.

Jumatano, 4 Juni
Nimewapiga picha kwa simu. Mteremko, mbuzi hawatulii, picha ikatoka imelala upande. Innocent, anayetengeneza picha za vitambulisho sokoni, ameiingiza kwenye kompyuta, akainyoosha, akakata choo cha jirani. Imependeza. Nimeituma kwa kaka yangu Safari awaonyeshe wakwe.

Jumapili, 8 Juni
Safari amepiga simu. Wakwe wamefurahi mno. Wamehesabu mbuzi saba. Shangazi wa Zawadi, ambaye kwa desturi hupewa mmoja, ameshachagua wake: yule wa pembeni, mwenye kichwa cheupe.

Sina mbuzi mwenye kichwa cheupe.

Nimeivuta picha ikawa kubwa. Yuko pale, pembeni kabisa, anatazama kama wenzake. Nimetoka nje kuhesabu. Sita. Nikahesabu tena kama mjinga.

Jumanne, 10 Juni
Sikwenda kazini. Innocent ameeleza. Ukinyoosha picha iliyolala, kona zake zinabaki tupu. Programu yake mpya inazijaza yenyewe, inabuni kitu kinachofanana na vilivyopo. Iliona mbuzi, ikaongeza mbuzi. Kuna mahali pa kuizima, na yeye hakuizima.

"Pole, kaka. Lakini mashine imekuzalishia bure!"

Sikucheka. Kukata ndani zaidi kungeondoa kichwa cha beberu. Basi ameizima ile kazi ya kujaza, amenyoosha upya, kona zimebaki nyeupe. Mbuzi sita. Nimetuma.

Jumatano, 11 Juni
Picha ya kweli imeharibu zaidi. Pale aliposimama yule mbuzi sasa pana kona nyeupe, na wakwe wanaona nimemkata mimi. Papa Zawadi amenipigia mwenyewe. "Mbuzi ya shangazi uliuzisha kwa nani? Mutoto yangu haende kwa mwizi." Akakata simu.

Nimeona aibu, kisha hasira. Kununua wa saba ni miezi miwili ya mbao, na itakuwa nimekubali kwamba niliiba. Nikimkosa Zawadi, hii miezi saba nilibeba nini?

Ijumaa, 13 Juni
Zawadi amepiga kwa siri. Amehesabu miguu ya yule mbuzi: mitatu. Akamwonyesha baba yake. Baba akajibu, "Basi iko kilema. Tutaikubali vile vile."

Nimecheka, mara ya kwanza wiki hii. Kisha nikapata wazo. Nimemwomba anitumie picha ya shangazi, aipige huku ameinamisha simu makusudi.

Jumapili, 15 Juni
Baada ya misa, kwa Innocent. Ameinyoosha ile picha mara mbili mbele yangu. Moja ameacha mashine ijaze, nyingine ameizima. Katika ile iliyojazwa, kwenye benchi, ubavuni mwa shangazi, amekaa nusu ya mwanamume mwenye kofia. Shangazi ni mjane, tena kiongozi wa akina mama kanisani. Niliogopa. Nimezituma zote mbili kwa Safari hata hivyo.

Jumatatu, 16 Juni
Safari anasimulia, pumzi inamwishia. Shangazi aliishika simu, akainuka akatazama benchi, akatazama tena simu. "Huyu mwanaume iko nani ku mulango yangu? Mumutoshe!" Alitaka atolewe mara moja. Papa Zawadi alikuwepo shangazi alipopigwa picha. Alijua dada yake alikaa peke yake. Akaagiza: mbuzi ni sita. Niwalete mwenyewe, kwa miguu. Picha hawataki tena. Shangazi atachagua pale pale.

Hakuomba radhi. Sikudai.

Alhamisi, 19 Juni
Mvua kidogo. Bega limepungua. Nimemuaga mwenye mbao, amesema kazi ipo nikirudi. Nimenunua kamba mpya ya beberu.

Naondoka Jumatatu alfajiri. Mbuzi hawaharakishwi, njia ni ya siku mbili. Jumanne tarehe 24, jioni, natarajia kuwa Nyabiondo.