Mkeka wa Mama Ukutani

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepangusa tena vumbi la saruji la kiwandani. Asubuhi napangusa, adhuhuri limerudi. Tororo haimhurumii mtu mwenye sofa nyeupe.

Fundi amemaliza kubomoa ukuta kati ya sebule na chumba chetu cha kulala. Mwanga sasa unapita mpaka dirisha la nyuma, kama kwenye zile picha ninazoangalia kwenye simu. Palipokuwa ukuta nimetundika pazia la neti tu, jepesi. Othieno amenuna. Mume wangu anapenda vioo na vitu vya dukani, lakini kuta anazitaka kama za babake kule Petta. "Wewe nashonea watu pazia, sisi nakosa ukuta," amesema. Nimemwacha na uji wake.

Jumatano, 6 Agosti

Ugomvi wa kigoda. Kile cha nyanya, cha miguu mitatu. Nimekipaka vanishi na kukiweka kando ya meza ya kioo. Othieno anasema wageni watadhani tumefilisika. Mimi nasema ndicho kinachoipa meza yake adabu. Kimeishia chini ya kitanda.

Nimechoka. Nyumba za watu napamba bila kelele. Yangu kila kitu kesi.

Ijumaa, 8 Agosti

Kigoda nimekirudisha. Akiguse tena aone.

Kesho Mama anakuja. Tangu niolewe hajakanyaga hapa, na Busia si mbali. Kila mara ana sababu: mvua, soko, goti. Ule mkeka wa mafunjo alionisukia nimeutia fremu na kuutundika juu ya televisheni. Nataka auone. Nataka akae sofani, aseme nyumba ya bintiye ni nzuri. Hilo tu.

Jumamosi, 9 Agosti

Hakuingia.

Alifika mlangoni, akatazama ndani, akageuka. Akaketi barazani, mgongo kwa nyumba. Nilidhani ni goti. Kumbe kutoka pale mlangoni kitanda chetu kinaonekana chote, na Othieno yuko ukingoni anafunga kamba za viatu.

"Unataka nife na aibu hii?" Mama aliniuliza. Kwa Kisamia, polepole. Angepiga kelele ningeumia kidogo tu. Othieno alitoka kwa mlango wa nyuma, hakuonekana mpaka jioni.

Mila naijua. Mama mkwe haoni kitanda cha mkwewe. Kwetu hata mtoto anajua. Lakini mwezi mzima nimekodolea macho picha za watu ambao mama wakwe zao sijui hupita wapi. Nimejikasirikia. Naye nimemkasirikia. Chai hakugusa. Kuku nilimfungia kwenye mfuko akaenda naye kwa boda, hakugeuka.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani sikwenda. Othieno hajasema "nilikuambia". Afadhali angesema.

Fundi hapokei simu. Nimeng'oa neti. Nimeutoa mkeka kwenye fremu. Hautoshi upana, nikachukua na ule wa kuanikia karanga, nikaiunga kwa uzi wa mapazia. Sindano zimevunjika, vidole vinauma. Othieno akaja bila kuitwa, akashika upande mmoja nikaipigilia misumari pale palipokuwa ukuta.

Nimempigia Mama. Amesema ataona.

Jumamosi, 16 Agosti

Mama amekuja. Alisimama mlangoni kitambo, kisha akaingia.

Nyumba hakuisifu. Aliuendea mkeka, akaona ukingo uliofumuka pale nilipoutoa kwenye fremu. Akavuta kigoda cha nyanya, akakaa, akausuka upya huku akiguna. Alipomaliza akavua viatu, akaenda kukaa sofani, katikati kabisa.

Othieno alikuwa ng'ambo ya mkeka. Akamsalimia kutoka huko. Mama akaitikia. Akauliza mahindi ya Petta yamekuwaje, akajibiwa. Wakaingia kwenye habari za ng'ombe, kisha mvua, kisha bei ya mafunjo. Tangu siku ya mahari hawajawahi kupita salamu, hawa wawili. Leo Othieno alicheka, na Mama naye akacheka, kila mtu upande wake.

Mimi nimesimama na chai, sijui nianzie upande gani. Nimeanza na Mama. Vumbi lilikuwa limeshatua kwenye meza ya kioo. Nimeliacha.