Ngozi ya Plastiki

Nkololo, Jumapili, 1993

Plastiki haipashwi moto. Mtu mzima mimi, nimelijua hilo leo!

Mjomba Masunga alinipa dramu zake kuukuu, alizopiga enzi za bendi ya kiwanda cha pamba, nizirudishie sauti. Siku hizi maduka yana kila kitu, hata ngozi za plastiki, akaninunulia moja. Nilipoifunga ikalia kama debe. Badala ya kukaza skrubu, nikaiweka karibu na moto, kama ngoma zetu za ngozi ya ng'ombe. Ikajikunja, ikatoboka.

Nikamwambia, "Mjomba, wamekuuzia mbovu."

Akaniamini. Akanipa pole, mimi!

Kesho anaendesha baiskeli hadi Bariadi kumkabili mwenye duka. Ameniomba niwe shahidi wake. Nimekubali.