Wawili Wangu, Tisa wa Mutiso

Jumapili, 2 Juni 1996
Nimefuta kioo, nimeosha sponji ya pampu, nimewapa omena ya kusaga, kipimo cha ncha ya kidole. Chapati anakula. Mistari amejificha kwenye shimo lake la jiwe, kama kawaida. Mwaka wa nne huu tangu bosi wangu wa zamani ahame na kuniachia tangi. Mitungi minne ya maji ya bahari, samaki wawili. Binti yangu Mwende ndiye aliyewapa majina akiwa na miaka saba.
Baada ya kanisa hakuonekana. Alikuwa mlango wa tatu, kwa Mutiso, anatazama samaki wa watu. Amerudi akasema, "Mathe, za anko Mutiso ziko tisa. Zetu ni mbili tu, na zimezeeka."
Imeniuma.

Jumanne, 4 Juni
Wivu. Niuandike tu, hakuna atakayesoma.
Tangi la Mutiso nimelipima kwa shibiri, kisirisiri, mkewe akiwa jikoni. Sawa na langu kila upande. Lakini yeye ni dereva wa lori, Mombasa kila wiki, na kila safari anarudi na samaki. Hata maji yangu ya bahari ni yeye huniletea. Kwa hiyo nachekacheka na kushukuru. Wapangaji wote wa ploti hupita mlango wangu kwenda kwake. Kwangu hakuna aliyebisha hodi kuona samaki tangu Krismasi.

Jumatano, 5 Juni
Nimemwomba Mutiso aniletee watatu. Ametikisa kichwa. "Mama Mwende, tangi yako imezoea wawili. Wacha hivyo tu."
Yeye tisa, mimi wawili. Mchoyo mtupu.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemngojea getini kabla hajaondoka na lori. Nilikusudia kusema watatu, mdomo ukasema saba. Amekubali, lakini kwa uso mzito.
Nimepiga hesabu yangu. Chumba cha dada yangu kule Huruma ni kimoja, watu saba, na wageni bado wanapata pa kulala. Sembuse samaki wa kidole kimoja.

Jumapili, 9 Juni
Tisa! Amewaleta jana. Wa bluu, wa manjano, na mmoja wa kahawia asiye na sura. Mwende ameleta marafiki wanne. "Mathe umetisha!" Nimefurahi vibaya.
Mutiso naye amekuja. Amesimama mlangoni, akawaangalia Chapati na Mistari tu, akakataa chai, akaenda. Sasa naye aonje.
Kwangu mgeni hashindi njaa. Nimewamwagia omena kiganja kizima, asubuhi na jioni.

Jumatano, 12 Juni
Maji yana ukungu. Yananuka. Wageni wamemtoa Mistari kwenye shimo lake, amebanwa pembeni. Nimeongeza chakula ili wasigombane.

Alhamisi, 13 Juni
Wageni watatu wamekufa. Nimekimbia na ndoo kwa Mutiso kuomba maji. Yuko safarini. Mkewe alikuwa nyuma ya nyumba, anamtupia paka samaki wawili. Nikauliza ni nini.
"Kwani hajakuambia? Hawa hufa kila wiki. Akirudi analeta wengine wanakuwa tisa tena. Anaona haya kusema. Ni wako anasifu. Miaka minne! Kila siku huniuliza, huyo mama hufanya aje?"
Nilikuwa nimeshika ndoo tupu. Nikarudi nayo nyumbani.

Ijumaa, 14 Juni
Mistari amekufa. Wageni wengine wawili pia. Sijaenda kazini. Nimesema naumwa, na si uongo.

Jumamosi, 15 Juni
Mutiso ameshuka kwenye lori na mitungi miwili ya maji, hata kwake hajafika. Tumebadilisha nusu ya tangi. Saa nane Chapati amelala ubavu. Mwende amemzika mwenyewe kando ya ukuta, hakutaka nimsaidie. Kuna mgeni mmoja mwingine amekufa, sikumwona hata ni yupi.
Mimi ndiye niliyewaua. Si Mutiso.

Jumapili, 23 Juni
Amebaki yule wa kahawia. Maji ni safi. Namlisha ncha ya kidole.
Mutiso amekuja baada ya kanisa. Alitaka kuniletea wawili wa manjano, nimekataa. Nimemwambia wazi kwamba nilimwonea wivu. Akachora kitu mezani kwa kidole, kisha akasema, "Na mimi nilikuonea wewe." Safari hii hajaleta samaki yeyote. Kwake wamebaki watatu, anataka kuona kama watafika Krismasi.
Amekunywa chai vikombe viwili. Mwende alikaa kati yetu, pua kwenye kioo. Ameuliza kama tumpe huyu jina. Nimemwambia tungoje kwanza.