Nilichomwambia Mama Achol

Jumatatu, Juni 3, 2013. Lodwar
Umeme umerudi saa nne. Nimeendelea na ile zana ya kuijaribu programu yangu ya kurekodi dawa za wagonjwa. Haina vitufe, unaandika amri moja kwenye dirisha jeusi, yenyewe inakagua. Mwongozo unasema dakika tano. Imenila asubuhi nzima. Lakini majaribio kumi na mawili yamepita, kijani tupu! Nimejaza majina ya ndugu zangu na siku zao za kuzaliwa. Ekai, karani wa zahanati kule kambi ya wakimbizi ya Kakuma, alipiga simu akasema niweke majina ya huko. Nikamjibu kompyuta haina kabila. Nikajiona mjanja.

Jumatano, Juni 5. Kakuma
Programu imeanza kazi tangu jana. Jina sawa, tarehe ya kuzaliwa sawa: inahesabu mtu mmoja. Mama Achol Deng amefuata dawa ya kifafa, yake imeisha. Skrini ikasema alichukua jana. Nikamwambia mbele ya foleni nzima, "Mama, wacha uongo. Dawa ulichukua." Akafunga kadi kwenye kitambaa, akaenda.

Alhamisi, Juni 6
Mama Achol ameanguka kifafa asubuhi, jikoni. Mkono umeungua.
Ekai amenifungulia daftari. Aliyechukua Jumanne ni Achol Deng mwingine. Mkimbizi asiyejua siku aliyozaliwa huandikiwa Januari mosi. Hao wawili, hadi mwaka ni mmoja. Na mimi nilijua! Tumelicheka jambo hilo ofisini kwenye chai mara ngapi.
Mkubwa wangu amepiga simu kuuliza kosa limetoka wapi. Nikasema ni mtandao. Mwongo ni mimi.

Ijumaa, Juni 7
Nimeandika jaribio jipya: Achol wawili, Januari mosi. Nyekundu, limefeli. Dakika tano kweli. Sasa programu inafuata namba ya kadi. Nimempigia mkubwa, nimesema ukweli. Akakata simu.
Dawa tumempelekea Mama Achol kwake, mimi na Ekai. Nikaomba msamaha pale mlangoni. Ekai akanitafsiria jibu: "Anasema ulimwita mwongo mbele ya watu. Hiyo sorry pia uiseme mbele ya watu."
Nimeona haya hadi masikio yakawaka.

Jumatatu, Juni 10
Foleni ilifika langoni. Nimesema Mama Achol hakudanganya, aliyekosea ni mimi. Ekai akatafsiri, kisha akaniambia, "Rudia. Wa nyuma hawajasikia." Nikarudia.
Mama Achol alikuwepo, mkono kwenye bandeji. Alisikiliza mpaka mwisho. Akabeba mtungi wake, akaenda kuteka maji.